Faili la Shangazi Toakase

Lisiate Moala hakuwahi kumwambia mtu "hapana" akaishia hapo. Alikuwa na namna zake: "tutaona," "labda kesho," "ngoja nimalize hili," na aliyemfahamu vizuri alijua kwamba mwisho wa yote hayo ni "ndiyo". Ndivyo alivyolelewa nyumbani kwa baba yake kijijini Houma. Ndivyo alivyosoma stashahada yake ya kompyuta ng'ambo, mjini Suva, akiwasaidia wenzake kumaliza kazi zao huku yake ikichelewa. Na ndivyo alivyorudi Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyao, akaajiriwa kazi ya ufundi wa kompyuta katika chuo cha ualimu cha kanisa. Watu wote walimpenda. Kupendwa na watu wote ni jambo ambalo mtu angepaswa kulitilia shaka, lakini Lisiate alikuwa anakaribia miaka arobaini na shaka hiyo haijamwingia.

Ilimwingia Jumatano moja mchana, ikiwa imevaa mkeka wa kiunoni, lile vazi la heshima la visiwani, uliolowa jasho, na jina lake Siutaka.

Siutaka Lolohea alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na mama wa watoto wanne. Alikuja kwa basi kutoka Kolonga, mwisho wa kisiwa upande wa mashariki. Asubuhi alisaidia kufundisha watoto wadogo shuleni kijijini, kwa hiyo chuoni alifika baada ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa wameshakaa kwenye kompyuta tangu saa za asubuhi. Siku hiyo hakwenda kukaa. Alisimama mlangoni pa stoo ambamo seva ya chuo ilikaa, katikati ya maboksi ya vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa na matarumbeta mabovu ya bendi.

"Fundi, njoo unione nikiandika."

"Nilikuona jana, dada."

"Njoo unione na leo. Ijumaa wakiniuliza, nataka awepo mtu mmoja aliyeniona kwa macho yake."

Ijumaa ilikuwa siku ya kamati ya nidhamu. Chuoni hapo hakuna aliyeingia kwenye intaneti moja kwa moja. Kila kompyuta ilipita kwanza kwenye seva ya wakala, ile ya stoo, na seva ilimtaka kila mtu ataje jina lake na nywila yake, ikalinganisha na faili la majina, ndipo imfungulie. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kumwazima mtu mwingine jina lako. Waliotunga kanuni hiyo hawakufikiria sana, kwa sababu binamu akikuomba kitu, kumnyima yeye ni kuwanyima wazazi wake na wazazi wako. Mwaka uliopita Siutaka alimwazima mtoto wa dada yake jina lake, akagunduliwa, akapewa onyo. Sasa, kwa wiki mbili, jina lake lilikuwa linakataliwa na seva karibu kila mchana. Msajili wa chuo akaona, akahitimisha kwamba mwanamke huyu amerudia, amegawa jina kwa ndugu na ndugu wanaliandika ovyo. Onyo la pili halikuwepo. La pili lilikuwa kufukuzwa.

Na fundi, alipoulizwa kwa maandishi kama seva ina kasoro, alikuwa amejibu kwa maandishi kwamba seva ni nzima.

Lisiate akamfuata kwenye chumba cha kompyuta. Siutaka alikaa, akaandika jina lake herufi moja moja, akiitamka kila herufi kama anayewasomesha watoto wake wa darasa la kwanza. Akaandika nywila. Kidirisha kikatoweka, kikarudi kilekile, kitupu, kinauliza tena jina. Akaandika tena. Kikarudi. Mara ya tatu Lisiate alikuwa ameinama begani pake, anafuata kila kidole. Hapakuwa na kosa.

"Umeona?"

"Ngoja."

Akarudi stoo, akaingia kwenye seva kama mtumiaji mkuu, akaita kwa mkono ile programu ndogo inayolinganisha majina, akaipa jina la Siutaka na nywila yake. Programu ikajibu papo hapo kwamba ni sawa. Akajaribu tena. Sawa. Akarudi amekunja uso.

"Inasema uko sawa."

"Inamwambia nani?"

"Inaniambia mimi."

"Basi nihamie kule stoo nisomee miguuni pako," Siutaka akasema. "Maana huku kwangu inasema mimi mwongo."

Wanafunzi wawili wakacheka, wakanyamaza walipoona hacheki mwenyewe. Alifunga mkoba wake, akasema basi la Kolonga halimngoji mtu, akatoka.

Lisiate akabaki anaitazama skrini kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula nguo za kanisani. Kwa wiki mbili alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha waya. Aliizima seva akaiwasha. Alimbadilishia Siutaka nywila mara tatu, kila mara fupi kuliko ile ya kwanza, hadi ya mwisho mtoto angeweza kuibahatisha. Alilaumu kibodi, akalaumu joto, akailaumu kampuni ya simu mbele ya watu walioijua kampuni hiyo na hawakuhitaji kushawishiwa. Na kila asubuhi alipojaribu, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, kana kwamba mashine inamngoja Siutaka peke yake ashuke kwenye basi.

Alichokuwa hajafanya ni kujiuliza lile swali la Siutaka. Inamwambia nani?

Katika Linux, mfumo ulioiendesha seva hiyo, mtumiaji mkuu hazuiwi na faili lolote. Anasoma kila kitu, anapita kila folda, ni kama mfalme ambaye milango inafunguka kabla hajabisha. Lakini seva ya wakala yenyewe haifanyi kazi kama mtumiaji mkuu. Kwa usalama imepewa mtumiaji wake mdogo, asiye na ruhusa yoyote isipokuwa zile chache alizogawiwa. Lisiate alifundishwa hayo Suva katika muhula wa kwanza, na aliyefundisha alirudia: usijaribu kwa mkono wa mkubwa kazi itakayofanywa na mdogo. Alikuwa ameandika sentensi hiyo kwenye daftari. Kisha kwa wiki mbili akajaribu kwa mkono wa mkubwa, akapata jibu la mkubwa, na juu ya jibu hilo akaandika ripoti ya kumwangamiza mwanamke wa watu.

Akaketi. Safari hii akaiamuru mashine iite programu ileile, lakini kama mtumiaji mdogo wa seva. Jibu likaja bila hata kufika kwenye jina la Siutaka: faili la majina halifunguki, ruhusa imekataliwa.

Akalitazama faili. Mmiliki wake hakuwa yule aliyetakiwa kuwa. Lilikuwa limefungwa kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameligusa mchana huohuo, wakati watu wanakula. Mwenyewe alikuwa Toakase.

Lisiate akasema kwa sauti neno ambalo halisemwi katika jengo la kanisa.

Toakase Moala alikuwa msajili wa chuo, mwanamke wa miaka sitini, mrefu, aliyevaa nyeusi tangu mume wake afariki, na ambaye hakuwahi kuchelewa hata ibada ya alfajiri. Alikuwa pia dada mkubwa wa marehemu baba yake Lisiate. Shangazi ni shangazi. Akiingia nyumbani kwa mtoto wa kaka yake akaupenda mkeka, mkeka umeshahama. Kwenye msiba yeye ndiye anayekaa kichwani pa maiti, na wengine wote wanaketi chini yake. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mtu ni shangazi au baba wa mtu fulani, na zamu inazunguka.

Miaka michache nyuma, Lisiate akiwa bado msaidizi wa fundi, Toakase alichoka kumngoja mtu kila alipotaka kuongeza mwanafunzi kwenye faili. Akamwambia, "Baba, nipe hiyo nywila kubwa." Lisiate akasema tutaona. Kisha akampa. Toakase alikuwa mwangalifu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Hakutaka kuhariri faili lenye siri za watu mahali pa wazi. Alilinakili kwenye folda yake mwenyewe iliyofungwa, akaongeza majina kwa utulivu, kisha kwa nguvu ya mtumiaji mkuu akalirudisha mahali pake juu ya lile la zamani. Faili likarudi likiwa na majina yote sahihi, na likiwa na kufuli la Toakase. Waliokwisha kuingia asubuhi seva iliwakumbuka hadi jioni, hawakuhisi kitu. Aliyefika mchana alikuta mlango umefungwa. Muhula huo wanafunzi wa kuhamia walikuwa wanakuja kila siku, na Toakase, asiyeweka kiporo cha kazi, aliwaongeza kila siku.

Lakini kwa nini asubuhi mambo yalikuwa yanajinyoosha yenyewe? Lisiate akatafuta, akakuta kazi iliyopangwa kujiendesha kila alfajiri, ikilirudisha faili kwa mmiliki wake halali. Hakuiweka yeye. Akampigia simu Feleti, fundi aliyemtangulia, ambaye sasa yuko Auckland kwenye ghala la matunda.

"Feleti, ile kazi ya alfajiri kwenye seva ya wakala, uliiweka ya nini?"

Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Shangazi yako hajambo?"

"Feleti."

"Kaka, mimi nilitaka kuhama kwa amani."

"Kwa hiyo ulijua."

"Wewe ulimpa nywila, mimi nikasema haya ni mambo ya familia yao. Nikaweka dawa ya alfajiri, nikafunga mdomo."

"Nilikuuliza siku unaniachia ofisi kama kuna tatizo lolote."

"Uliniuliza mbele yake," Feleti akasema. "Mtu mzima hujibu swali kama hilo?"

Lisiate alikata simu akiwa na hasira ya kutosha watu watatu, na hakuwa na mtu wa kumpa. Akalirekebisha faili. Dakika moja ilitosha. Kama kazi ingekuwa hiyo tu, angeenda nyumbani akiwa na furaha.

Alhamisi, wakati wa chai, alimweleza Mosese, mwalimu wa hisabati, ambaye naye alikuwa mjumbe wa kamati. Mosese alimsikiliza huku akichovya mkate kwenye chai.

"Kwani tatizo liko wapi? Badala ya alfajiri, hiyo kazi yako ijiendeshe kila baada ya muda mfupi mchana kutwa. Mama afunge, mashine ifungue. Hakuna atakayejua."

"Na Siutaka?"

"Sema kulikuwa na hitilafu. Neno zuri hilo. Halina baba wala mama."

"Niliandika kwamba hakuna hitilafu."

"Basi sema imeingia baadaye." Mosese akamtazama. "Ndugu yangu, unataka kusimama mbele ya mchungaji useme dada ya baba yako ndiye mkosaji? Wewe? Juzi ulishindwa kumwambia muuza samaki kwamba samaki wake ameoza."

Ilikuwa kweli. Alimlipa, akamshukuru, akamtupia nguruwe yule samaki.

Kuna watu wanaodhani uongo usiomtaja mtu hauna wa kumuumiza. Neno "hitilafu" lilikuwa linakwenda kumuumiza Siutaka, kwa sababu hitilafu ya mashine haichagui mtu mmoja wa Kolonga ikawaacha wengine, na kamati ingeliona hilo kabla chai haijapoa. Lisiate alilijua. Hata hivyo alirudi stoo akaanza kuiandika ile kazi ya kujiendesha mchana kutwa, kwa sababu mikono yake ilizoea kurekebisha kile ambacho mdomo wake ulikuwa unaogopa. Jioni hiyo Toakase alikuja kula nyumbani kwake, kama afanyavyo kila Alhamisi. Alikaa mahali pa juu, akala, akawauliza watoto Maandiko. Alimweleza mke wa Lisiate kwamba kesho kuna kazi nzito, kumfukuza mtu mzima si mchezo, lakini sheria ni sheria. Lisiate aliinuka kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ijumaa asubuhi kamati ilikutana ofisini kwa mkuu wa chuo, Mchungaji Manase Taufa, mzee mpole ambaye alichukia mashauri na aliyapitisha haraka. Toakase alikaa kulia kwake, jalada mapajani. Mosese alikaa kushoto. Siutaka alipewa kiti karibu na mlango. Alikuwa amevaa mkeka wake mzuri, ule wa arusi. Kiti kilikuwepo pia kwa ajili ya Lisiate, lakini kwa kuwa shangazi yake alikuwepo, Lisiate akaketi chini, kwenye jamvi.

"Fundi," mchungaji akasema, "ripoti yako inasema seva ni nzima. Bado ni hivyo?"

Lisiate akakohoa. "Mchungaji, palikuwa na hitilafu ndogo. Nimeirekebisha. Dada huyu hana kosa."

Mosese akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mchungaji akaanza kufunga kalamu yake. Ilikuwa imekwisha, na ingekwisha kweli, kama Toakase asingekuwa mtu mwenye msimamo.

"Samahani," akasema. "Hitilafu gani hiyo?"

"Ya seva, shangazi."

"Seva inatumiwa na chuo kizima. Hitilafu gani inayomchagua mwanamke mmoja wa Kolonga, wiki mbili, mchana tu? Lisiate, kama unamhurumia, sema unamhurumia. Hapa hatutoi huruma kwa jina la uongo."

"Si huruma."

"Basi eleza."

Alieleza faili ni nini, na kwamba seva ina mtumiaji wake mdogo anayelazimika kulisoma. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alijaribu kama mtumiaji mkuu, kwa uzembe, akapata jibu lisilo na maana, akaliandika. Faili lilikuwa linafungwa mchana, anayefika baada ya hapo hawezi kuingia hata angekuwa mtakatifu.

"Linafungwa na nani?" Toakase akauliza. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Na mwenye faili."

"Mwenye faili ni nani?"

Mosese aliutazama mti nje ya dirisha kwa makini makubwa.

"Ni wewe, shangazi," Lisiate akasema. "Kila unapoongeza majina, linarudi likiwa lako, na limefungwa. Hukukusudia. Ila ni wewe."

Toakase aliiweka kalamu chini, akailinganisha na ukingo wa jalada.

"Umejua lini?"

"Juzi. Jumatano."

"Jana nilikula kwako."

"Ndiyo."

"Nikawaambia wanao kwamba leo namfukuza mtu. Ukanisikia."

"Nilisikia."

"Ukaniuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha."

Lisiate akainamia jamvi.

"Unadhani hiyo ni heshima," Toakase akasema, bila kupandisha sauti. "Umeniacha nitembee na uchi wangu barabarani, wewe nyuma yangu unanishikia mwavuli. Ningemdhulumu mtoto wa watu kwa mkono wangu, nikaenda kanisani Jumapili nikaimba. Baba yako angekuchapa. Si kwa kusema. Kwa kungoja." Akamgeukia mchungaji. "Mimi siamini maneno matupu, hata yakiwa dhidi yangu. Twendeni nikaone."

Wakaenda wote, Siutaka nyuma yao. Toakase aliketi kwenye meza yake, akafanya kazi yake kama kila siku: akanakili faili kwake, akaongeza wanafunzi wawili waliohamia kutoka kisiwa cha Vava'u, akalirudisha. Kisha Lisiate akampeleka chumba cha kompyuta, akamkalisha kwenye benchi la wanafunzi, akamwambia aingie kwa jina la mmoja wa hao wawili, na nywila aliyoitunga yeye mwenyewe.

Toakase akaandika. Kidirisha kikarudi kitupu. Akavaa miwani, akaandika tena. Kikarudi. Mara ya tatu alizibonyeza herufi kwa nguvu, kama anayekanda unga.

"Andika polepole, mama msajili," Siutaka akasema kutoka mlangoni. "Ndivyo nilivyoambiwa mimi."

Mchungaji Manase alishtuka. Toakase hakugeuka. Akaandika kwa mara ya nne, polepole, herufi moja moja. Kidirisha kikarudi.

"Nywila ni sahihi," akasema. "Nimeitunga mimi."

"Ni sahihi, shangazi."

"Majina yamo."

"Yamo."

"Na bado inaniona mwongo." Akavua miwani. "Wiki mbili?"

"Siku nyingine nilipanda basi nikarudi nyumbani bila kusoma hata ukurasa," Siutaka akasema. "Mtihani wa somo la maendeleo ya mtoto niliufeli kwa hilo."

Toakase aliinuka kwenye benchi, akamkabili. Kwa mtu wa kimo chake na cheo chake haikuwa rahisi, na alifanya bila kurembesha. "Nimekukosea. Nimekuandikia kosa ambalo ni langu. Shauri linafutwa, na mtihani huo utaurudia; nitausimamia mwenyewe."

"Mwaka jana nilikosa kweli," Siutaka akasema. "Mwaka huu sikukosa. Nataka iandikwe hivyohivyo, yote mawili."

"Itaandikwa."

Mchungaji akasema amina, akionekana kutaka kurudi ofisini kwake. Lakini Toakase alikuwa hajamaliza.

"Lisiate. Leo hii badilisha nywila kubwa. Usiniambie."

Uso wa Lisiate ukawa wa mtu aliyeambiwa abebe jiko la moto. "Shangazi, ukija kuniuliza nitakwambia. Unanijua."

"Nakujua toka unanyonya. Ndiyo maana nakuagiza mbele ya mashahidi: nikikuuliza, uninyime. Mimi ndiye dada ya baba yako, na hilo ni agizo langu. Siku utakayonipa, ndiyo siku utakayokuwa umeniasi."

"Hapo kwa kweli amebanwa," Mosese akanong'ona.

Kwa hiyo nywila ilibadilishwa. Lisiate aliandika ripoti mpya, akaeleza ndani yake kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uzembe, akatia sahihi. Aliifuta ile kazi ya kujiendesha mchana kutwa kabla hajaimaliza, na ile ya Feleti ya alfajiri akaifuta pia, ili siku faili likifungwa lionekane limefungwa. Akatengeneza njia ya kuongeza majina ambayo haimpi faili mmiliki mpya. Na kila alipogusa kitu kwenye seva hiyo alikijaribu kama mtumiaji mdogo, kisha akaenda chumba cha kompyuta akajaribu tena akiwa kwenye benchi la wanafunzi. Jambo la dakika chache ambalo lingemwokolea wiki mbili, na halikuhitaji akili yoyote.

Jumanne iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Toakase akatokea mlangoni pa stoo.

"Baba, nipe nywila kidogo. Nina majina matatu tu, na nina kikao."

Lisiate alisimama. "Yaache hapa, shangazi, nitayaingiza mimi."

"Utayaingiza saa ngapi? Wewe kuingiza jina moja ni kama kuzaa. Nipe, dakika mbili, nimeondoka."

"Tuta—" Lisiate akaanza, akajikata. "Hapana, shangazi."

Toakase alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na Lisiate alihisi kila mzee aliyezikwa Houma anamtazama pamoja naye. Kisha Toakase akaiweka karatasi yenye majina juu ya boksi la vitabu vya nyimbo, akavuta kiti, akaketi nyuma ya mgongo wake, na kikao chake kikangoja.

"Basi andika nikiona. Na usiruke tarehe ya kuzaliwa. Ee Mungu, mtoto huyu anaandika kwa kidole kimoja. Kazi niliyokuwa naimaliza chai haijapoa. Nani alikupa stashahada? Rudi nyuma, umesahau herufi."

Hilo lilichukua muda wote wa chakula, na Lisiate hakula. Majina yalipoingia, akaenda chumba cha kompyuta kuyajaribu, Toakase akimfuata na kulalamika. Basi la Kolonga lilikuwa limefika. Siutaka alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta ya pembeni karibu na dirisha, ameandika jina lake na nywila yake. Kidirisha kilikuwa kimetoweka na hakikurudi, na somo lake lilikuwa wazi mbele yake. Hakugeuza kichwa. Lisiate alisogea karibu, akangoja, labda atasema kitu.

"Fundi," Siutaka akasema, macho kwenye skrini, "unanizibia mwanga."